Wageni Wanaokula Jua

Iddi, Rehema, kabla hamjagusa chochote kwenye lile gari, kaeni chini mnisome mpaka mwisho.

Najua mtacheka. Mtasema Mwajuma ana miaka kumi na saba tu, eti naye anastaafu. Chekeni. Lakini hilo neno alilitoa mama yenu mwenyewe, siku nilipopangiwa shule ya bweni huko Iringa. Aliniangalia, akajifuta jasho kwa ncha ya khanga, akasema, "Basi fundi wangu wa jua ndiyo anastaafu hivyo. Sasa nani atanikunjulia paneli?" Mkanyoosha mikono wote wawili kwa pamoja. Nyinyi, ambao mnachomeka simu usiku kucha na swichi ya ukutani hamjaiwasha.

Kwa mdomo nisingeweza kuwaambia haya. Mnanijua. Wageni wakija nyumbani huwa wanamuuliza Shangazi pembeni kama huyu binti anasikia vizuri. Kwenye karatasi mambo yanatoka yenyewe, na hakuna anayenitazama.

Kazi yenyewe mnaifahamu kwa mbali tu, maana mlikuwa mkikaa kwa bibi yenu. Shangazi Hadija, mama yenu, anachanja kuku. Alifanya kazi ya mifugo serikalini miaka mingi, akatoka, akaendelea mwenyewe vijijini. Sasa kuku huchanjwa alfajiri, akiwa bado bandani, kabla hajafunguliwa. Akishafunguliwa, umekwisha. Utamkimbiza tetea mmoja uwanja mzima, watoto wanakushangilia, mpaka aibu yenyewe ikukimbie. Kwa hiyo mchanjaji lazima aamke palepale kijijini. Hapo ndipo lilipokuja gari. Shangazi alinunua Haisi kuukuu, akang'oa viti, akaweka kitanda, kabati, pazia la maua na jiko dogo la gesi. Majirani zetu wa Mbwawa wanaliita Chumba na Sebule. Nyuma kabisa, chini ya kitanda, kuna friji ndogo inayotumia betri.

Hiyo friji ndiyo bosi wenu. Shangazi ni wa pili.

Chanjo anayotumia Shangazi inataka ubaridi muda wote. Ikipata joto inabaki maji tu, na ubaya wake ni kwamba hayabadiliki rangi. Utamdondoshea kuku tone jichoni, atapepesa, utamshukuru mwenye nyumba, utaondoka. Kisha kideri, ule ugonjwa wa kuku, kinaingia kijijini na kufagia banda zima. Hakuna atakayelaumu joto. Watakulaumu wewe.

Mwanzoni paneli zilikuwa juu ya bati la gari, zimefungwa kwa nati. Zilipendeza kweli. Tukipita Kibaha mjini watu wanageuka. Ila fikirini wenyewe: ukitaka umeme, uegeshe gari juani. Ukiegesha gari juani, ndani linakuwa tanuri. Ndani likiwa tanuri, friji inahangaika, inakunywa betri yote. Basi jua linajaza huku, joto linamwaga kule. Tulikaa na ujinga huo msimu mzima, na Shangazi akilala ameweka miguu nje ya mlango.

Aliyetutoa humo ni Fundi Lameck, yule mchomeleaji wa pale Mbwawa anayeimba nyimbo za kwaya huku cheche zinaruka. Aliizunguka Haisi, akaingia ndani, akatoka ameloa kama aliyemwagiwa ndoo.

"Mama Iddi," akasema, "wewe unataka gari likae wapi?"

"Kivulini."

"Na paneli?"

"Juani."

"Sasa kwa nini umevifunga pamoja?"

Fundi akang'oa zile nati siku hiyohiyo. Akatengeneza fremu mbili za bomba jembamba, akaziunga kwa bawaba za mlango ili zikunjike kama kitabu, akaweka mshikio wa sanduku. Miguu aliitoa kwenye meza ya kupigia pasi iliyovunjika ya mke wake. Ndiyo maana hadi leo ukivuta ile miguu inalia kwii, na ndiyo maana mke wa Fundi akiliona gari letu anasema, "Hiyo pasi yangu inaendeleaje?" Mjibuni, "Haijambo, shikamoo." Anapenda.

Waya ni mrefu, unatosha kutoka chini ya mwembe wowote mpaka uwanjani penye jua. Gari linapumzika kivulini, paneli zinachapa kazi juani. Mkiondoka mnazikunja, mnazilaza kitandani. Umeme wakati wa safari hampati, hilo nalo mlijue. Ukisafiri siku nzima, unafika betri ikiwa hoi.

Fundi alinipa jina, Injinia Kimya, kwa sababu nilikaa karakanani kwake wiki nzima ya likizo bila kuuliza swali. Nilikuwa natazama tu. Siku moja akazima mashine, akavua miwani, akasema, "Injinia, ukinyamaza hivyo utanifanya nikosee nikidhani nimepatia. Uliza hata uongo." Nikauliza kwa nini anafunika paneli kwa kitambaa wakati anaunga waya. Akafurahi kama nimemzawadia.

Jibu lake ni hili, likaririni. Paneli haina swichi. Ikiona jua tu, ina umeme. Kwa hiyo kabla hujaunga waya, ifunike kwa khanga nzito, iwe kama imelala. Unga betri kwanza kwenye kile kisanduku cheusi chenye taa, kinachoitwa kontrola. Kisha unga paneli. Kisha funua khanga. Kuondoa ni kinyume: funika, toa paneli, betri mwisho. Mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi. Fundi mwenyewe aliwahi kuzipishanisha nyaya kwa sababu alifika kwenye kiitikio cha wimbo. Kontrola ikatoa moshi mweupe, mwembamba, wenye harufu ya plastiki na huzuni. Alikitazama kile kisanduku, akavua kofia. "Tumesoma," akasema. Akanunua kingine yeye mwenyewe, na tangu hapo akiunga waya haimbi.

Paneli mtazikuta mbili. Moja ni safi, nyingine ina mikwaruzo ya duara duara. Ile ya mikwaruzo ni ya mama yenu. Mnajua anavyoosha sufuria: lazima ujione uso. Asubuhi moja tukiwa Gwata, nilitoka garini nikamkuta amechuchumaa, ana majivu, ana steliwaya, anasugua paneli kwa nguvu zake zote.

"Shangazi!"

"Zilikuwa na uchafu."

"Shangazi, hiyo siyo sufuria!"

"Najua siyo sufuria. Sufuria ingekuwa imeshang'aa."

Paneli husafishwa kwa maji na kitambaa laini, asubuhi ingali baridi. Usimwagie maji ya mtungini kioo kilichochomwa na jua la mchana, kitapasuka. Na usiilaze juu ya bati wala kwenye mchanga wa moto. Inashangaza lakini ndivyo ilivyo: paneli inapenda mwanga, joto hailipendi. Isimamishe kwenye miguu yake, upepo upite chini. Kuielekeza, chukua kalamu uisimamishe wima juu ya kioo. Kivuli cha kalamu kikilala upande huu, inua upande ule, hivyohivyo mpaka kivuli kitoweke chini ya kalamu. Hapo inatazamana na jua uso kwa uso. Rudia mara kwa mara, jua halikai. Na kivuli kidogo kisikudanganye. Kamba ya nguo tu, au jani moja la mgomba, linaweza kukukatia nusu ya umeme.

Sasa niwaambie jambo gumu kuliko yote katika kazi hii. Siyo waya. Ni kuomba jua.

Jua ni la Mungu, sawa, lakini uwanja ni wa watu. Penye jua zuri kijijini pana mtu amesimama: ameanika mihogo, au amefagia asubuhi na hataki kukanyagwa. Lazima upige hodi, uamkie, ueleze. Mimi nilikuwa naona afadhali nizitandaze nyuma ya choo kuliko kupiga hodi. Shangazi alinikuta hivyo mara ya kwanza kule Gwata, paneli ziko nusu kivulini. Akanishika mkono mpaka kwenye nyumba ya pili, kwa mzee mmoja aliyekuwa anasuka ukili.

"Shikamoo baba," Shangazi akasema. "Huyu binti ana ombi." Kisha akaondoka! Akaniacha pale.

"Marahaba. Ombi gani?"

Nilitazama vidole vyangu vya miguu. "Naomba jua," nikasema.

"Unaomba nini?"

"Jua. Lenu. La hapa uwanjani."

Yule mzee alicheka mpaka ukili ukamtoka mkononi. "Chukua! Chukua lote binti, nenda nalo, sisi lishatuchosha!" Akamwita mkewe aje asikie. Wakanifanya nirudie. Jioni kila nyumba niliyopita ilikuwa inaniuliza kama nimebakiza jua kidogo la kesho. Nilitamani kuingia kwenye friji nikajifunge.

Haya, Kurui.

Kurui, kule Kisarawe, hatukuwahi kukanyaga. Msimu wa nyuma alikuja mtu mwingine, hatumjui, akiwa na chanjo kwenye begi la mgongoni, amepanda bodaboda kutwa nzima juani. Akachanja, akaondoka, na kuku wakafa wote. Watu wa kule walisema kilichodondoshwa ni maji ya bomba. Shangazi alisafiri mara tatu kwenda Kisarawe kuomba tu wamsikilize. Mwishowe mwenyekiti wa kitongoji, mtu mpole asiyepaza sauti, alimwambia, nikiwa nimesimama nyuma yake, "Mama, tumekupa nafasi hii moja. Kuku wakifa tena, naomba usinilazimishe nikufukuze. Usirudi tu." Njia nzima ya kurudi Mbwawa Shangazi hakuwasha redio. Mama yenu bila redio, mnaelewa.

Tuliingia Kurui siku mbili kabla ya kuchanja, jioni, kuna mawingu, betri iko chini kwa sababu ya safari. Tulipokewa na Bibi Tatu, mwanamke mrefu, mkavu, anayetembea kama anachelewa mahali. Alitupatia uwanja wake. Gari likakaa chini ya mkorosho. Asubuhi jua likatoka safi, tukashusha paneli. Shangazi akazifunika khanga, mimi nikaunga waya, tukafunua, nikapima kwa kalamu. Taa ya kontrola ikaanza kupepesa, yaani inakula. Nikapiga hesabu kwamba tukipata jua lote la siku hiyo, friji itafika alfajiri bila wasiwasi. Tusipolipata, haitafika.

Bibi Tatu alikuwa mlangoni, ana mswaki wa mti mdomoni, anatutazama tu.

Shangazi akachukua bodaboda kwenda kutangaza kwenye nyumba za mbali. Mimi nikaenda kisimani na wajukuu wa Bibi, kulikuwa na foleni, tukakawia. Niliporudi adhuhuri imeshapita, uwanja ulikuwa mweupe. Paneli hakuna. Waya umekunjwa vizuri, umening'inizwa kwenye kioo cha gari kama kamba ya mbuzi.

Niliingia garini: taa ya kontrola nyekundu, na friji iko kimya. Mkisikia friji ile inanguruma msikasirike, kimya chake ndicho kibaya. Kipimajoto kilikuwa kimefika nyuzi saba. Shangazi alikuwa ameshanionya kwamba mwisho ni nane.

Nikatoka nje nimeshika ndoo, sijui nikimbilie wapi. Bibi Tatu akatokeza mlangoni.

"Umerudi mjukuu wangu? Pita ndani, chakula kiko tayari."

"Bibi, zile..."

"Nimezitoa juani. Zilikuwa zinaungua! Pita ule."

Alinionyesha. Zilikuwa chumbani kwake, juu ya kitanda chake, zimefunikwa khanga mpya ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Kwenye mto! Amezilaza na mto!

"Vitu vya mgeni haviachwi nje," akasema. "Nani atakuja kuniambia Tatu kaacha mali ya mgeni ichomwe na jua? Niliwaona asubuhi mlivyozifunika khanga, mara mkafunua mkaondoka. Nikasema, hawa wamesahau, safari imewachosha. Leo mimi nitalala mkekani."

Basi, wadogo zangu, hapo ndipo mwenzenu alipofanya nini? Alikaa chini akala. Nililetewa bada, ule ugali wa muhogo unaovutika, na kisamvu cha nazi. Nikala sahani nzima, kila tonge linashuka kama jiwe. Ningemwambiaje? Mtu ametoa kitanda chake. Nimwambie bibi wa watu kwamba wema wake ndio unaoua kuku wa Kurui? Nilikuwa naliona jua mlangoni, linasogea juu ya kizingiti. Kichwani nilimwona Shangazi akirudi na bodaboda, anacheka, hajui. Nilimsikia yule mwenyekiti na sauti yake ya chini.

"Bibi," nikasema.

"Labeka."

"Hizi paneli umezipokea vizuri sana."

"Ndivyo tulivyolelewa."

"Ila..." Nikatazama vidole vyangu vya miguu. Vilevile vya Gwata. "Ila hawa wageni wana njaa."

"Njaa? Nani?"

"Hawa wa kitandani. Chakula chao ni jua, Bibi. Hawali kingine. Wakishashiba ndiyo wanailisha friji, na friji ndiyo inaitunza dawa ya kuku. Tunawafunika khanga dakika mbili tu wakati wa kuwafunga waya, ili wasinirushe. Wasipokula leo mpaka jioni, kesho dawa itakuwa maji."

Nilisema yote kwa pumzi moja. Sikuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mtu nisiye na undugu naye. Bibi Tatu aliitazama sahani yangu tupu, akaitazama khanga yake mpya, akanitazama mimi. Nikajua nimemvunjia heshima.

"Hebu nielewe," akasema polepole. "Wewe mtoto umekaa hapa kwangu, umekula bada, umeramba mpaka sahani, wageni wenzako wana njaa chumbani, na umenyamaza?"

"Nisamehe Bibi."

"Inuka! Inuka shika huko!"

Tulizitoa mbio, yeye mbele mimi nyuma. Akawaita wajukuu, akahamisha uteo wa mihogo yake aliyoianika, akafungua kamba ya nguo upande mmoja na nguo zikaanguka zote chini, hakujali. Nikamwomba khanga ya kufunika niunge waya, akavua ya mabegani. Nilipofunua, taa ikapepesa.

"Wanakula?" akauliza.

"Wanakula."

"Wanakula kwa haraka au wanadonoa?"

"Kwa haraka, Bibi. Walikuwa na njaa kweli."

Nikalowesha blanketi nikalifunika lile sanduku la friji, nikaacha pembeni palipo na matundu ya kupumulia, nikafunga pazia, nikasema hakuna atakayefungua mlango mpaka kipimajoto kishuke. Nilipotoka, nilimkuta Bibi Tatu ameuchukua mswaki wake wa mti na kuusimamisha wima juu ya kioo, kama alivyoniona nikifanya na kalamu. "Kivuli kimeanza kuchungulia huku," akasema. "Tuwageuze." Tukawageuza. Mchana ule tuliwageuza hata pasipo sababu. Mbuzi alisogea, akarushiwa kandambili. Jirani alipita akasimama kusalimu, kivuli chake kikaangukia kwenye paneli ya mama yenu.

"Ondoka hapo!" Bibi Tatu akafoka. "Umesimama kwenye sahani ya watu!"

Shangazi alirudi alasiri. Alishuka kwenye bodaboda akamkuta mwenyeji wake ameketi kigodani katikati ya uwanja, ana fimbo, anapigwa na jua, amezikodolea macho paneli.

"Shikamoo mama. Kuna nini?"

"Marahaba. Nyamaza, wanakula."

Shangazi akanigeukia mimi. Nikainua mabega. Niliona aibu kumweleza, akaelezwa na Bibi mwenyewe, kwa mikono miwili, mpaka sehemu ya mto. Walicheka wakashikana. Mimi nilikwenda kusoma kipimajoto: tano, na kinashuka. Jua lilipozama taa ya kontrola ilikuwa kijani, na friji inanguruma vizuri kama mzee aliyeshiba.

Alfajiri tulianza na banda la Bibi Tatu. Alitaka watu waone. Alimshika jogoo wake mwekundu mwenyewe, jogoo mwenye kiburi, shingo ndefu, aliyemdonoa Shangazi kidoleni kabla ya tone kuingia jichoni. Tukazunguka nyumba zote. Watu walitukabidhi kuku wao bila maneno mengi, wengine wakitazama kile kichupa kama kinaweza kuwajibu. Mwenyekiti alileta wake mwisho. "Haya," alisema tu.

Baada ya hapo ni kungoja, na kungoja hakuna fundi wake. Tulirudi Mbwawa. Kiangazi kikaingia, tukasikia kideri kimeanza kupita vijijini Kisarawe. Shangazi aliacha kula usiku. Simu ikilia anaruka. Siku moja ikaita namba ngeni, alikuwa mjukuu wa Bibi Tatu, na nyuma yake sauti ya Bibi inapiga kelele kwamba hiyo simu iwekwe karibu na banda. Tukasikia kuku. Wengi, wanagombana. Kisha Bibi akasema, "Umewasikia? Wote wapo. Kijiji cha jirani wamelia, sisi tunafukuza kuku ndani ya nyumba. Mwenyekiti anakuuliza unarudi lini."

Shangazi alisema, "Asante mama," akakata, akatoka nje kukagua tairi la gari. Alilikagua muda mrefu sana. Tairi lilikuwa zima.

Tuliporudi Kurui kwa chanjo iliyofuata, kamba ya nguo ilikuwa imehamishiwa nyuma ya nyumba. Katikati ya uwanja palikuwa pamefagiwa, pamezungushiwa mawe, na matawi ya mkorosho ya upande ule yamekatwa. Hatukulazimika kuomba jua. Bibi Tatu alizipokea paneli mlangoni mwa gari, moja baada ya nyingine, akaniuliza kama zimesafiri salama. Nikamjibu, kwa sauti, na nikamuuliza za nyumbani, na za mbuzi, na tukazungumza mpaka Shangazi akatoka garini kuangalia ni nani huyo anayeongea.

Sasa ni zamu yenu. Iddi, usiimbe ukiunga waya. Rehema, mfiche mama yako steliwaya. Na mkifika Kurui, msishushe paneli nyinyi. Pigeni hodi kwanza, amkieni, kuleni mtakachopewa, kisha mwacheni Bibi Tatu aje azipokee mwenyewe na mswaki wake.

Ikifika mchana, mbingu nyeupe, halafu taa ya kontrola ikafifia ghafla, msifungue kontrola, wala msimpigie Fundi Lameck. Tokeni nje mtazame. Atakuwa ni yule jogoo mwekundu, amesimama juu ya paneli ya mama yenu, amenyoosha shingo, anawika, na kivuli chake kimetanda kioo kizima. Msimfukuze, Bibi atawaona. Mimi nilijaribu, nikaambiwa, "Mwache, naye anawasalimia wageni." Mwagieni mtama kidogo pembeni. Atashuka mwenyewe, naye hana haraka.